Shangazi Spana Anajibu: Honda Moja, Barua Nne

Safu hii hushauri wenye pikipiki za mitumba katika Handeni na Korogwe, pamoja na majirani wanaozisikia zikipita usiku. Majina ya wasomaji yamefichwa kwa usalama wao kijiweni. Barua za safari hii zimepangwa kama zilivyoingia, tangu masika hadi vuli.

BARUA YA KWANZA

Shikamoo Shangazi. Mimi ni kijana wa Sindeni, Handeni. Nimeuza mahindi na ng'ombe wawili nikanunua Honda ST1100 ya mwaka 1994, ile kubwa yenye kioo mbele na masanduku pembeni, kutoka kwa mgeni mmoja aliyemaliza mkataba wake na kurudi Ulaya. Boxer nimeendesha miaka mitano, kwa hiyo sikuona haja ya kufundishwa. Juzi nikaingia sheli Korogwe, nikajaza tangi, watu wakakusanyika. Nikakata kona ya kutoka kwa madaha, nikagusa breki, chombo kikalala na mimi chini yake. Wametunyanyua watu wanne. Tangu siku hiyo nikienda Korogwe napanda basi. Nifanyeje?
Mnyonge wa Sindeni

Marahaba mwanangu. Aibu itapita, kabla ya gulio lijalo Korogwe watakuwa wamempata mwingine wa kumcheka. Uzito ndio haupiti. Boxer ina kilo mia na ushee. Honda hiyo ikiwa na mafuta inazidi kilo 300, na tangi la lita 28 ulilolijaza mbele ya mashabiki lina kilo ishirini za petroli peke yake. Ilianza kuuzwa mwaka 1990 kwa jina la Pan-European, ikakusudiwa watu wa kunywa chai Ujerumani na kulala Italia siku hiyo hiyo. Ikishika kilometa 80 kwa saa inatulia hata ukasahau ukubwa wake. Kwenye mwendo wa mtu kwa miguu inakukumbusha kilo zote kwa mpigo, tena upande mmoja.

Kosa lako ni kushika breki ya mbele usukani ukiwa umekata. Mwendo ukiwa mdogo na kona ni kali, tumia breki ya nyuma na uiachie klachi nusu nusu. Ya mbele isubiri usukani unyooke. Omba uwanja wa shule siku ya Jumapili, tangi likiwa na lita chache. Weka ndoo mbili, zizunguke kwa kupiga namba nane, macho yakitazama unakokwenda na si tairi. Siku ndoo zitakapoacha kuanguka, rudi Korogwe.

Kuinyanyua ni kazi ya mtu mmoja. Zima injini, ingiza giya isikimbie. Ikiwa imelalia kulia, kwanza toa stendi ya pembeni ili isije ikapitiliza kushoto. Ipe mgongo, makalio yakae kwenye kiti, mkono mmoja ushike usukani na mwingine chuma cha nyuma, kisha sukuma kwa miguu, hatua fupi fupi za kinyumenyume, kiuno kimenyooka. Wale watatu wengine walikuja kuangalia tu.

Vioo vyake vya pembeni vimetengenezwa vichomoke vikigonga chini, na kuvirudisha ni kusukuma kwa kiganja. Akitokea fundi anayetaka kuvichomelea, mwambie Shangazi amekataa. Halafu, barua yako imetaja mahindi na imetaja ng'ombe, leseni haikuitaja. Ni daraja A, mwanangu.

BARUA YA PILI

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mtoto wa mjini, Manundu. Nimeokota Honda kubwa kwa bei poa kutoka kwa jamaa wa Sindeni, anasema siku hizi anapendelea basi. Nimeifunga spika nne, amplifaya, taa za rangi kwa chini na taa mbili kali mbele. Nikipita usiku watu wanatoka nje wakidhani ni harusi. Tatizo ni asubuhi, haiwaki. Hii ni betri ya tatu. Nifunge ya Fuso?
Balozi wa Manundu

Marahaba Balozi. Ya Fuso utaifunga wapi, mgongoni? Betri ni pipa tu. Anayechota maji ni alteneta. Honda hizo za miaka ya mwanzo zilikuja na alteneta ya ampea 28, na ile ya ampea 40 ikaja baadaye. Ampea 28 ni kama wati 380 kwa jumla, na plagi, taa halali na feni ya rejeta zinakula kabla ya mgeni yeyote. Kinachobaki hakitoshi harusi.

Mwite fundi umeme mwenye mita. Betri iliyolala usiku kucha, kila kitu kikiwa kimezimwa, isome volti 12.6 hivi. Injini ikichanganya kidogo, isome kati ya 13.5 na 14.5. Ikibaki palepale, alteneta au waya zake zimechoka, na ukinunua betri ya nne utakuwa unamfurahisha mwenye duka.

Lililoninyima usingizi ni jingine. Umeandika kwamba umefunga vitu vingi, hukuandika fiuzi hata moja. Tangi la pikipiki hiyo liko chini ya kiti. Kwa hiyo unakalia petroli, na chini ya mapaja yako kuna waya ambazo, nikikujua, zimeunganishwa kwa kupindwa na kufungwa mfuko wa plastiki. Kila waya unaotoka kwenye betri uwe na fiuzi yake, karibu na betri. Ama ng'oa vyote. Watu wa Manundu wanaamka alfajiri kwenda sokoni, watakuombea dua.

BARUA YA TATU

Shangazi mpenzi, shikamoo. Mume wangu amenunua pikipiki Manundu, imejaa matundu kana kwamba imepigwa risasi. Anaiosha kabla hajaniamkia. Kitenge changu cha sikukuu ameshonea kiti chake. Sasa anataka kunipeleka Lushoto kwa mama yake, tupakizane. Naogopa ule mlima, na namwogopa zaidi mama mkwe akiniona nimekaa mkao ule. Niende?
Mke wa Pili Baada ya Honda, Chanika

Marahaba mwanangu, na pole kwa kitenge. Nenda, lakini kwa masharti.

Kofia ngumu iwe yako, inayobana kichwa chako. Sheria inamtaka abiria avae kama dereva. Dera, kanga na mtandio viingie kwenye sanduku, maana nguo inayopepea ikinaswa na gurudumu haimsubiri mtu aseme simama. Vaa suruali ngumu na viatu vya kufunika kifundo. Dera utalivaa Soni, mama mkwe akupokee ukiwa na adabu zako zote. Kwenye kona egemea anakoegemea yeye. Abiria anayejivuta upande wa pili kwa woga ndiye anayeipeleka pikipiki mtaroni.

Kutoka Korogwe hadi Mombo ni barabara kuu. Panapokaa watu mwisho ni kilometa 50 kwa saa, na trafiki wa pale na tochi yake hana haraka ya kwenda popote. Basi la Arusha likipishana nanyi, upepo wake utakisukuma kile kioo kikubwa. Mumeo asiukaze usukani kwa woga. Aushike kwa ulaini na ajiachie nafasi mapema.

Kupanda kutoka Mombo kupitia Soni hakuna neno, injini ile ina nguvu za kugawia wengine. Jambo liko kwenye kurudi. Mtashuka karibu mita elfu moja kwenda chini, kona juu ya kona, wawili na mizigo ya mama mkwe, kwa sababu hakuna mama mkwe wa Lushoto anayemwacha mtu aondoke bila viazi na kabichi. Ashuke kwa giya ya chini, injini ndiyo izuie. Breki azishike kwa nguvu kabla ya kona kisha aachie zipoe, asizikanyage mfululizo mpaka Mombo.

Sharti la mwisho ndilo kubwa. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani mwaka hadi mwaka. Breki zikipata moto mlimani, unyevu ule unachemka, na mkono wa breki unakuja mpaka kwenye usukani bila kukamata kitu. Ndiyo maana hubadilishwa kila baada ya miaka miwili, hata kama pikipiki ilikuwa imelala tu. Muulize mumeo yalibadilishwa lini. Akianza kukutajia mgeni aliyerudi Ulaya, panda basi.

Kisha kakiangalie kioo cha pembeni cha kulia. Kama kimechomelewa, Shangazi ameanza kuifahamu hiyo Honda.

BARUA YA NNE

Shikamoo Shangazi. Mimi ni muuguzi, naishi Old Korogwe. Nataka chombo cha kwenda Tanga kumwona mama nikiwa na mapumziko, na likizoni nifike Moshi. Bwana mmoja wa Chanika ananiuzia Honda ya 1994, anasema mkewe amemtaka achague. Ina mkwaruzo upande wa kulia, kioo kimechomelewa, ina matundu manane na kiti cha kitenge. Anataka bei ya Boxer mpya. Tairi anasema hazijatembea. Fundi wa kijiweni ameipima, anasema ni nzima, ila nimpe hela akaze cheni. Ninunue?
Nesi wa Old Korogwe

Marahaba mwanangu. Tuanze na fundi. Honda hiyo haina cheni. Inasukumwa na shafti iliyofichwa ndani ya chuma, inayodai oili yake ya giya. Fundi aliyeona cheni pale aliona pochi yako.

Tairi: tafuta ubavuni neno DOT na tarakimu nne za mwisho. Zikisoma 1908, ilitengenezwa wiki ya 19 ya mwaka 2008. Nundu zinaweza kuwa nzima, lakini mpira umeshakuwa mgumu, na kwenye lami yenye mvua utateleza. Kweli hazijatembea, zimezeeka zimekaa. Ulizia mpya Dar es Salaam kabla hujatoa pesa, maana maduka ya spea za Boxer hayatakusaidia.

Injini: mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika, na ukifika iguse. Ikiwa ya moto, kuna kitu kimefichwa. Ina kabureta nne. Ikikaa miezi na petroli ya zamani, njia ndogo za ndani huziba, ikawa inawaka kwa kubembelezwa na kutembelea silinda tatu. Hiyo inasafishika kwa fundi mwenye subira.

Karatasi: hapa usibembelezwe. Linganisha namba ya fremu na ya injini na zile za kadi. Soma jina la kwenye kadi. Nahisi utalikuta la yule mgeni, kwa kuwa wanangu wawili wa kwanza na bwana wa Chanika waliridhika na karatasi ya mauziano iliyoandikwa mezani kwa mama ntilie. Kama mgeni aliiingiza nchini kwa msamaha wa kodi, kodi hiyo inadaiwa kabla hujaandikishwa. Nendeni TRA pamoja, muuzaji akiwa na kadi na mkataba wa mwenye jina. Pesa zibaki kwako mpaka umiliki uhamie kwako.

Matumizi: itakunywa lita sita hivi kwa kilometa 100, wakati Boxer hata mbili ni shida kumaliza. Njia ya vumbi ya Kibirashi wakati wa mvua iache kabisa. Pale Boxer itakupita ikiwa na magunia. Tanga na Moshi ni lami tupu, na huko ndiko ilikozaliwa kwenda.

Uamuzi wangu ni huu. Pikipiki hii haina ugonjwa mkubwa. Imepita kwa wanaume watatu waliotaka kutazamwa: mmoja sheli, mmoja usiku Manundu, mmoja uani kwake akiwa na ndoo na sabuni. Hakuna hata mmoja aliyeniandikia kuhusu mafuta ya breki. Wewe ndiye wa kwanza kuanza barua kwa kutaja unakokwenda. Karatasi zikikaa sawa, inunue, badilisha tairi zote mbili na mafuta ya breki kabla ya safari ya kwanza, na ng'oa kila waya ambao Honda hawakuufunga.

Lakini bei ya Boxer mpya ni kubwa mno. Toa gharama ya tairi, ya fundi umeme na ya kioo. Bwana wa Chanika akigoma, subiri atoke, uzungumze na mkewe.