Swami na Mikeka ya Ntinda

Swami Vivekananda, aliyehutubia Bunge la Dini mjini Chicago mwaka 1893, na ambaye kitabu chake Raja Yoga cha mwaka 1896 kilihimiza kuitawala nafsi na kuwaachia wengine elimu ya kupinda viungo, angestaajabu kuwaona warithi wake wa mtaa wa Ntinda, Kampala, ambao huenda hata jina lake hawajalisikia, wakiteremka garini na mikeka ya mpira, wakipanda ghorofani, wakiinua makalio kuelekea darini (mikao hiyo ina deni zaidi kwa mwalimu wa yoga Krishnamacharya wa Mysore), kisha wakijipiga picha kuthibitisha ya kwamba nafsi imekwisha kushindwa. Simu haizimwi, hulazwa kando ya mkeka, kioo juu, isije rehema ikapitia WhatsApp ikamkosa mwenyewe.

Chini, barabarani, vijana wa bodaboda wameketi juu ya pikipiki zao, migongo wima, macho nusu wazi, wakimngojea abiria kwa subira ambayo Swami angeitambua mara moja. Ada hawalipi, shahada hawana. Kwa hukumu yangu, na aniwie radhi mwenye mkeka, darasa la Swami liko pale stejini.