Risala kwa Mheshimiwa Spider-Man 3

Mheshimiwa mgeni rasmi, filamu ya tatu ya Spider-Man, itifaki yote ikiwa imezingatiwa: sisi watazamaji wako, tuliokupenda, tuliokuzomea na tuliosinzia katikati, tunayo heshima kubwa kusimama mbele yako na kusoma risala hii fupi. Tunajua hujazoea kusifiwa. Ukitajwa tu mbele za watu, lazima mmoja agune na mwingine akunje uso, na mara nyingi anayekunja uso zaidi ndiye ambaye hajawahi kukaa nawe hata robo saa. Leo ni zamu yako. Keti, maji hayo hapo.

Mheshimiwa, tuanze na historia yako. Ulitoka Mei 2007, kitinda mimba wa mwongozaji Sam Raimi katika ukoo huo. Kaka zako wawili, wa 2002 na wa 2004, walikuwa watoto wa kupigiwa mfano. Huyo wa pili hasa hana adui. Kumsifu hakuhitaji mtu awe amemwona: unasema "ile ilikuwa kali", wote wanaitikia, mnahamia kwenye Simba na Yanga. Wewe umetunyima raha hiyo. Anayekutaja lazima aulizwe "kwa nini?", na hapo hana budi kuwa na jibu lake mwenyewe. Umetutoa jasho, na kwa jasho hilo tunakushukuru.

Chema chajiuza, wahenga walisema, kibaya chajitembeza. Wewe ulitumia dola zipatazo milioni 258 kutengenezwa, ukajitembeza dunia nzima, ukarudi na karibu milioni 895, kuliko kaka yako yeyote. Kwa maana hiyo, wanaokulaumu ndio hao hao waliokata tiketi. Hakuna adui aliyewahi kukuchangia vizuri namna hiyo.

Tunakupongeza pia kwa ukarimu. Filamu bahili humpa stelingi adui mmoja na kumwambia ajipange. Wewe ulimpa wako, Peter Parker, watatu: Harry Osborn, rafiki yake anayetaka kulipa kisasi cha baba yake, Flint Marko, mfungwa mtoro aliyegeuka mchanga, na Venom, kile kitu cheusi kilichotoka angani na kumvaa mpiga picha Eddie Brock. Inajulikana kwamba Raimi hakuwa na hamu na huyo wa tatu. Mapenzi yake yalikuwa kwa maadui wa zamani wa vitabu vya katuni, kama huyo mtu wa mchanga aliyeanza 1963, si Venom wa 1988. Mtayarishaji Avi Arad akamshawishi kwamba mashabiki wanamtaka. Basi mgeni akakaribishwa, lakini akaja wakati sufuria zimeshaoshwa. Anatokea filamu ikielekea ukingoni, na anakufa kabla hatujajua anapenda nini zaidi ya kununa.

Upo utajiri wako mwingine ambao wachoyo huuita uvivu wa kuandika, nao ni bahati. Kimondo kinashuka kutoka mbinguni, dunia nzima ipo wazi, kinachagua kutua hatua chache kutoka walipolala Peter na mpenzi wake Mary Jane wakitazama nyota, na kile kitu cheusi kinadandia pikipiki ya Peter bila nauli. Harry anagonga kichwa, anasahau chuki yote, kisha anaikumbuka pale hadithi inapoihitaji. Na Mzee Bernard, mtumishi wa nyumba ya akina Osborn! Anajua kwamba bosi wake aliuawa na chombo chake mwenyewe, anamwona kijana wa nyumba akiteketea kwa kisasi, naye anaendelea kufuta vumbi kimya. Anakuja kufungua mdomo dakika za mwisho kabisa. Utunzaji siri wa kiwango hicho haupatikani hata serikalini.

Sasa tuje kwenye kesi yako kubwa, Mheshimiwa, ile ngoma. Kile kitu cheusi kimekuwa suti ya Peter, ameivaa ndani ya nguo zake na haya imemtoka. Nywele ameziangusha usoni, anakata mitaa ya New York akitikisa mabega, akiwanyooshea wasichana vidole vya mikono yote miwili, akisukuma kiuno mbele ya duka la nguo. Waliokuja kumwona stelingi akiwa mbabe walitamani kuingia chini ya viti. Mpaka leo, kipande hicho kikipita kwenye simu, hukumu inasomwa hapo hapo: filamu nzima imekwisha.

Lakini mtu akitulia, aache kumtazama Peter na awatazame wapita njia. Nyuso zao nyingi zinauliza "huyu naye vipi?" Kumbe filamu yenyewe inajua kwamba hiki ni kituko. Kijana wa vitabu na maabara amepewa ubaya, na hata ubaya wenyewe hajui kuuvaa; huo ndio umwamba anaoufikiria mtu ambaye hajawahi kuwa mwamba. Kisha kicheko kinakatwa. Peter anampeleka msichana mwingine, Gwen Stacy, kwenye klabu ya jazi ambako Mary Jane anahudumia na kuimba. Anapiga piano, anacheza ukumbi mzima, na Gwen anapogundua kwamba ameletwa pale ili kumuumiza mwenzake, anamwomba Mary Jane radhi na kuondoka. Walinzi wanaingilia, ngumi zinaruka, na katika purukushani Peter anampiga Mary Jane mpaka anaanguka sakafuni. Yule tuliyekuwa tunamcheka dakika moja iliyopita sasa anatisha, na ni mtu yule yule. Anayekatisha kipande kabla ya klabu anaondoka na kichekesho, akimwachia mwenzake hadithi.

Na kuna mchanga, Mheshimiwa. Hapa hata wapinzani wako wakubwa hushusha sauti. Marko ametumbukia katika mtambo wa majaribio na mwili wake umesambaratika. Kimebaki kifusi. Chembe moja inaviringika, nyingine zinaifuata, kichuguu kinainuka, kinapata mgongo na mabega, kinaporomoka. Kinajaribu tena. Pembeni kipo kidani chenye picha ya bintiye mgonjwa. Mkono wa mchanga unakifikia, na vidole vinamomonyoka kabla ya kukishika. Anajikusanya upya, safari hii polepole, mpaka kiganja kinakaza. Hakuna neno linalosemwa, ni muziki wa Christopher Young tu. Mafundi walifanyia majaribio aina kadhaa za mchanga kabla ya kuuiga kwa kompyuta, na palipohitajika kumrushia mwigizaji bila kumdhuru, walitumia magunzi ya mahindi yaliyosagwa. Tunakushukuru kwa niaba ya magunzi, ambayo kwetu cheo chake cha juu kabisa ni kuwashia moto.

Wapo wanaosema kesi imefungwa, kwa kuwa mzazi wako mwenyewe amekukana. Ni kweli kwamba miaka kadhaa baadaye Raimi alisema hadharani kuwa hukumtoka vizuri, maana hakuwaamini wahusika wote. Ni kweli pia kwamba mpango wa filamu ya nne ulifutwa Januari 2010, na 2012 ukoo ukaanza upya na Peter mwingine. Lakini mwongozaji anajua alichokitaka na kilichomponyoka. Mimi najua nilichokiona. Yeye akikutazama anakumbuka mabishano ya ofisini. Mimi namwona stelingi anayefika mwisho wa picha, anasimama mbele ya Marko, muuaji wa mjomba wake, anamsikiliza, na anamsamehe. Waliolipia ngumi ya mwisho walijiona wametapeliwa. Kwangu huo ndio uthubutu mkubwa kuliko mapigano yako yote, na haukunijia kwa kusimuliwa.

Tunasema hivyo sisi tuliokulia vibanda umiza, tunaojua utamu wa kutafsiriwa picha. Lufufu wa Dar es Salaam na DJ Afro wa Nairobi hawakutafsiri maneno tu. Walitutajia nani mwema, nani mnafiki na nani hatafika mwisho, mara nyingi kwa maneno matamu kuliko ya wenye picha. Hakuna ubaya, tulilipia sauti yao. Ila siku hizi wapo wanaotutafsiria bila hata kuitazama picha yenyewe, na sisi tunatoka tumeridhika. Za kuambiwa, changanya na zako. Wewe, Mheshimiwa, ndiwe uliyetulazimisha kutafuta hizo za kuchanganyia.

Mheshimiwa mgeni rasmi, risala haikosi maombi. Kwanza, tunaomba usikubali kufupishwa: anayetaka kukuhukumu akukalie saa zako mbili na dakika zake, aione kengele ya kanisa ikilia na Peter akiichana ile suti nyeusi. Pili, tunaomba siku utakapopata tena fedha za namna ile, ukaribishe maadui wawili, na wa tatu apewe nauli arudi kwao. Tatu, atakayekutazama mpaka mwisho na bado akasema wewe ni mbaya, tunaomba umheshimu. Sisi hatutamzomea. Tutamwuliza tu ni wapi hasa palipomkera. Akisema Venom, tutampa mkono. Akisema ngoma, tutabishana kistaarabu. Akithubutu kusema mchanga, basi mjadala unaanza upya, na soda ananunua yeye.