Namna ya Kufunga Mpira wa Kunyonyea Oili, na Oili Ikabaki Palepale

Gari hutolewa oili kwa chini: unalala uvunguni, unafungua nati, unakinga beseni. Boti haina uvungu. Injini ya ndani imekaa juu ya ngama, na nati ya kumwagia oili iko mahali ambapo hata panya hupita kwa ubavu. Ndiyo maana oili hunyonywa kwa juu, kwa pampu, kupitia tundu la kijiti cha kupimia. Pampu imeshakutoa jasho kwa bei yake. Sasa okoa pesa kwenye mpira.

Mpira mzuri unao nyumbani tayari: ule wa kijani unaomwagilia mchicha. Pampu ikianza kunyonya, hewa ya nje itaukandamiza hadi ubapae kama chapati, nawe utapata nafasi ya kupumzika. Wenye waya uliozungushwa ndani haubapai, ila una bei, na sisi tumekwisha kubaliana kuhusu bei.

Kabla ya kunyonya, washa injini dakika chache oili ipate joto, iwe nyepesi. Hili ni agizo la kweli, lifuate. Oili ya moto ikikutana na plastiki nyembamba inayong'aa, plastiki hulegea kama tambi na kujichomoa yenyewe mdomoni mwa pampu. Mpira mweusi wa rejeta je? Huo umeumbwa kwa ajili ya maji ya moto; ukishinda na oili huvimba. Muuzaji akikutajia naitrili, mpira unaovumilia mafuta, mshukuru na uondoke.

Dukani usiende na sampuli. Sema tu, "Nipe nusu inchi." Mpira hupimwa tundu lake la ndani, lakini nyuzi za bomba za nusu inchi, ukizipima kwa nje, zinakaribia milimita 21. Nusu inchi ni milimita 12.7. Usiniulize, waulize waliotangulia. Na kama pampu yako imetoka Marekani, raha imezidi: nyuzi zao za nusu inchi na hizi zetu za Kiingereza zote ni 14 kwa inchi, kwa hiyo zinakubaliana mizunguko miwili mitatu ya mwanzo, kama wachumba. Pembe zao ndizo tofauti, digrii 60 na 55. Zikianza kuvuja, zungusha tredi tepu mpaka kiungo kifanane na kidole kilichofungwa bendeji.

Klipu mbili za chuma kisichoshika kutu ni anasa. Funga kwa waya. Pampu itavuta hewa penye mwanya badala ya oili, kwa kuwa hewa ni nyepesi na pampu ni mvivu kama sisi.

Bado mrija mwembamba unaoshuka tumboni mwa injini. Ncha iliyokatwa mshazari haigandi sakafuni; wewe kata sawasawa, tena mfupi. Itatoka lita moja. Tangaza kwamba imeisha, mimina kopo zima la oili mpya, kisha pima: imepita alama ya juu vidole viwili. Pangusa kijiti, pima tena. Ikigoma kushuka, nahodha wa boti ya jirani ana mpira wenye waya. Uazime, ila usimwambie ni wa kazi gani, maana ataomba oili chafu apake boriti zake mchwa wasile, na lita yako moja imeshamwagika ngamani.