Mwongozo wa Dharura kwa Wanaoogopa Osuga

Mwongozo huu ni wako wewe uliyerudi nyumbani Rongo au Mbita, ukapakuliwa mboga za kienyeji, ukauliza kama sukuma wiki imeisha nchini. Usihofu, maradhi yako yana tiba. Dawa ni jiko moja, sufuria moja na robo saa.

Hatua ya kwanza: nenda sokoni. Iwe Oyugis, Awendo au mjini Homa Bay, msalimu muuza kabichi kwa heshima, umpite, usimame kwa mama mboga mwenye mafungu ya kienyeji. Kwa Kijaluo, osuga ni managu, dek ni saga, apoth ni mrenda, boo ni majani ya kunde, ododo ni terere. Mvua ikinyesha mafungu hunenepa na bei hushuka. Hata mfuko mwepesi una haki ya kula vizuri. Chagua majani machanga.

Hatua ya pili: chambua, osha, ndipo ukate. Anayekata kwanza kisha akaloweka humwaga vitamini C pamoja na maji, na mtaro wa nyuma ya nyumba haujawahi kuugua kwa kukosa vitamini.

Hatua ya tatu: fungisha ndoa. Dek na osuga ni chungu, na mgeni akizionja zikiwa peke yake hukunja uso. Usiufukuze uchungu kwa kuchemsha na kumwaga maji mara tatu, kwani utabaki na makapi. Zipe mchumba mpole, ododo au boo, nazo zitatulia. Apoth huteleza, nayo mwenzake ni boo.

Hatua ya nne: pika. Kaanga kitunguu na nyanya kwa kijiko cha mafuta, tia mboga na chumvi, funika kwa dakika kumi. Mafuta kidogo yanahitajika ili mwili ufyonze vitamini A ya majani, lakini mboga si omena, haina haja ya kuogelea. Kwa apoth, chemsha maji kidogo na chembe ya magadi, tia majani, koroga hadi yalainike. Chembe, ndugu yangu, si kiganja: magadi yakizidi huua vitamini na ladha pia.

Hatua ya tano: tajirisha. Twanga njugu za Ndhiwa, zikoroge kwa maji, umimine juu ya mboga. Hapo una protini bila kuuza kuku. Ukiwa na maziwa, fuata desturi ya akina nyanya: osuga hutiwa maziwa, huachwa chunguni, hupashwa tena na tena hadi uchungu ulainike. Hiyo ipike wikendi, haitaki haraka.

Ukiona aibu kuandalia wageni chakula hiki, kumbuka kwamba Desemba 2021 UNESCO iliingiza juhudi za Kenya za kufufua vyakula vya asili katika rejista yake ya mifano bora ya kulinda urithi. Nalo Shirika la Afya Duniani hushauri angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku. Fungu moja la sokoni linakusogeza karibu na kiasi hicho.

Basi jioni hii nunua fungu la osuga na fungu la ododo, pika, umwite mtoto ale nawe. Aliyezizoea utotoni hahitaji mwongozo ukubwani.