Barua ya Wazi kwa Waheshimiwa wa Dirishani

Kwenu Waheshimiwa mnaoketi nyuma ya madirisha ya biro za serikali, Lubudi na Lualaba yote.

Pongezi. Mmegundua dawa ya uziwi iliyowashinda madaktari: kupaza sauti. Kiziwi asipoitika jina lake mara ya kwanza, mnalirudia kwa ukali. Asipoitika tena, faili lake linateremka chini ya mengine. Ameitwa, kakaa kimya. Kiburi hicho!

Madereva wa malori ya shaba pale Fungurume wamesoma kwenu. Wakipiga honi na mtu asigeuke, basi kalewa.

Jirani yangu kiziwi, fundi cherehani, alifika dirishani kufuata cheti cha mtoto wake. Alifuatana na mpwa wake, binti mdogo aliyekosa shule ili awe mkalimani wa serikali bila mshahara. Mheshimiwa mmoja akamuuliza binti: "Anataka nini huyu?" Huyo "huyu" alikuwa amesimama mbele yake. Jirani akauliza kwa mikono cheti kitatoka lini, nyusi zikakunjana. Mheshimiwa akafoka: "Mwambie asinikasirikie!"

Hakukasirika, Mheshimiwa. Ishara zinazofundishwa katika shule nyingi za viziwi nchini Kongo zina ukoo na za Marekani. Zilienezwa na Andrew Foster, kiziwi mwenyewe, aliyefungua shule ya viziwi Ghana mwaka 1957 kisha akaendelea nchi kwa nchi. Katika ishara hizo, ukiuliza nani, wapi au lini, unakunja nyusi. Ndiyo alama ya kuuliza. Angetabasamu mngefurahi, ila asingekuwa ameuliza kitu.

Na pale anapoitikia kwa kichwa mkiongea, msikimbilie kuandika "ameelewa". Anawaambia tu kwamba anaona midomo ikicheza.

Sheria namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022, ya kulinda haki za watu wenye ulemavu, mnayo. Ilipigwa saini ya Rais, ikatangazwa, ikachapishwa. Honi kubwa kuliko hiyo sijui ipi, nanyi hamjageuka. Sithubutu kusema mmelewa.

Jirani atarudi Jumatatu. Msimwite jina. Mpungieni mkono, mtazameni yeye, na tarehe mwandikieni kwenye karatasi kwa mwandiko unaosomeka. Atakuja peke yake. Binti ana mtihani wa hesabu.