Kinyozi Hajinyoi, Ila Hujitahini

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Hawakusema nani amfundishe, na mjini Dar es Salaam pengo hilo limezibwa: kiti, kioo, picha za mitindo ukutani, na fundi keshahitimu. Mwalimu wake ni kichwa cha mteja wa kwanza. Mtahini ni mama wa mteja huyo.

Karatasi ipo, usiseme haipo. Inaning'inia juu ya kioo, na muhuri wa halmashauri inao. Isome vizuri: ni leseni ya biashara. Inathibitisha kwamba ada imelipwa. Kuhusu mkono ulioshika wembe haisemi kitu. Dereva wa bodaboda hudaiwa leseni ya udereva. Anayepitisha wembe kooni mwako hudaiwa chenji.

Huko Marekani, jimboni California, kinyozi husoma saa 1,000 na kufanya mtihani kwanza. Minnesota ilianza kuwapa vinyozi leseni mwaka 1897. Sisi hatupendi makuu. Dawa ya nywele yenye sodiamu haidroksaidi, kemikali ileile ya kuzibulia mabomba, tunaipima kwa kanuni moja: "Ikianza kuwasha, sema."

Wala ukosefu wa shule si kisingizio. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wanafundisha ususi na urembo, na wana utaratibu wa kumpima fundi aliyejifunzia mtaani na kumpa cheti.

Basi, ndugu mteja, kabla hujainamisha kichwa uliza mawili: cheti kiko wapi, na mashine imesafishwa kwa dawa gani? Akicheka, ondoka na nywele zako.