Tumesajili Kila Kitu Isipokuwa Namba Tisa

Kwa Waheshimiwa Viongozi wa FERWAFA, Shirikisho la Soka la Rwanda,
Remera, Kigali.

YAH: PONGEZI KWA USAJILI ULIOKAMILIKA (IMEBAKI NAFASI MOJA TU)

Waheshimiwa,

Pokeeni pongezi zetu sisi mashabiki wa Amavubi, timu ya taifa, kwa kazi iliyofanyika katika kufuzu Kombe la Dunia la 2026. Mechi 10, mabao 5. Wapo wanaosema ni machache. Hao hawana shukrani. Timu ikifunga matatu kila wiki, watu huzoea, wakaanza kutoka uwanjani kabla ya kipenga ili wawahi pikipiki. Sisi hatutoki. Bao letu huja mara moja katika kila dakika 180, na hakuna anayetaka kuwa chooni siku hiyo.

Nimeyapanga mabao hayo matano mezani kama karata. Gilbert Mugisha mawili, Jojea Kwizera mawili, Innocent Nshuti moja. Yaani ya mawinga manne, la mshambuliaji wa kati moja, tena hilo moja ni la Novemba 2023, pale Huye, siku tulipoichapa Afrika Kusini 2-0. Kuanzia hapo hadi kampeni inafungwa Oktoba 2025, nafasi ya namba tisa ilikuwa kama ofisi ambayo taa inawaka, koti limetundikwa kitini, na mwenyewe "ametoka kidogo". Simsemi Nshuti, ndiye huyo huyo aliyewanyamazisha Wanaijeria kwao Uyo mwaka 2024 katika kufuzu AFCON. Nasema mtu mmoja hawezi kuwa kikosi, akiba na matumaini ya taifa kwa wakati mmoja.

Huku nyuma hatuna neno. Fiacre Ntwari langoni, Ange Mutsinzi na Thierry Manzi katikati ya ulinzi, nahodha Djihad Bizimana mbele yao anakaba hadi mwamuzi anamwonea huruma mpinzani. Mabeki tunao wa kula na wa kusaza. Mutsinzi mwenyewe, nadhani kwa kuchoka kungoja, ndiye aliyepanda kule Uyo akasawazisha kabla Nshuti hajamaliza kazi. Siku beki wa kati anapoamua kwenda kufunga mwenyewe, waheshimiwa, hilo ni ombi la kazi.

Sasa tuiseme ile ya Libya, katika kufuzu hiyo hiyo ya AFCON, maana ndiyo inayokera. Novemba 2024, Amahoro mpya, viti 45,000, taa kama mchana. Libya walikuwa wanaburuza mkia. Tulihitaji nini? Sare. Kundi lilipofungwa tulikuwa na pointi 8, Benin nao 8, wakapita kwa kuwa walitufunga 3-0 na sisi tukawafunga 2-1. Pointi moja tu kutoka kwa Libya ingetupeleka Morocco. Tukafungwa 1-0. Bao moja la upande wetu, hata la goti, hata la mgongo, lingetosha. Lakini uwanja ule nao tuliuzoesha vibaya: mwezi Juni mwaka huo ulijaribiwa kwa mechi ya klabu za APR na Rayon, ikaisha 0-0. Nyavu mpya, zikarudi stoo bila hata mkunjo.

Msidhani tumesahau kwamba nchi hii ina historia ya washambuliaji. Mwaka 2003 Jimmy Gatete alifunga Kampala akiwa na bendeji kichwani baada ya vurugu za uchawi golini, kisha akaifunga Ghana hapa Amahoro, tukaenda Tunisia 2004. Hiyo ndiyo AFCON yetu ya kwanza. Na ya mwisho. Kisha 2014 tukampata Daddy Birori, akaipiga Libya mabao matatu katika mechi moja. Furaha ikadumu hadi CAF walipogundua kwamba Kinshasa, kwenye AS Vita, bwana huyo alikuwa anaitwa Etekiama Agiti Taddy. Tukafukuzwa mashindanoni. Ndiyo usajili wa ajabu kuliko wote: majina mawili, mtu mmoja, tiketi sifuri.

Hatukukoma. Mwaka 2024 kocha Torsten Spittler alimwita kambini Ani Elijah, Mnaijeria aliyekuwa akiifungia Bugesera. Kanuni za uraia zikamkatalia. Lakini mwelewe kocha: alitazama ligi yetu, akaona wanaofunga ni nani. APR, ambayo kwa takriban miaka kumi ilichezesha Wanyarwanda watupu, ilifungua mlango 2023 na mmoja wa wageni wa mwanzo kuingia akawa mshambuliaji, Victor Mbaoma wa Nigeria. Baadaye Djibril Ouattara wa Burkina Faso. Rayon nao wakamleta Fall Ngagne wa Senegal. Silaumu klabu; ukishatolewa na Pyramids ya Cairo miaka mitatu mfululizo, nawe unatafuta mtu wa kufunga popote alipo. Ila kijana wa Nyamirambo mwenye mguu wa bao anaona nini? Anaona nafasi yake ina mwenyewe aliyekuja na ndege. Mwalimu wake anamwambia, "Una mbio, rudi beki wa kulia." Anarudi. Miaka mitano baadaye nyinyi mnampigia simu wakala Ulaya kuulizia kama kuna mtoto yeyote mwenye bibi kutoka Rwanda na mguu wa kulia.

Wamarekani wana utaratibu mzuri katika michezo yao: timu zinazoshika mkia ndizo huchagua chipukizi mwanzo. Nilitaka kupendekeza CAF wauige. Kisha nikatazama msimamo: Kundi C tulikuwa wa tano kati ya sita. Zimbabwe wangechagua kwanza. Hata mkia hatukuushika sawasawa.

Msinielewe vibaya, kwingine tunasajili kwa kishindo. Pelé tulimpata Machi 2023, chini ya miezi mitatu baada ya kufariki, tukampa uwanja mzima Nyamirambo. Na ili kulitangaza jina la Rwanda, tuliusajili mkono wa jezi ya Arsenal 2018, kisha tukawadhamini PSG 2019. Mwaka 2025 klabu hizo mbili zikakutana nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Ulaya. Najua hilo ni la RDB, Bodi ya Maendeleo ya Rwanda, si lenu, lakini semeni kweli: Mnyarwanda gani mwingine amefika huko?

Maombi yangu hayazidi bajeti ya chai ya kikao kimoja. Kila klabu ya ligi kuu ilazimishwe kuwa na mshambuliaji wa kati Mnyarwanda wa chini ya miaka 21, apewe dakika za kweli, si zile tatu za mwisho timu ikiongoza 3-0. Makocha wa shule wakatazwe kumgeuza mfungaji beki bila kibali cha maandishi. Na beki wa kati atakayesajiliwa kabla ya hapo aeleze kwanza anafunga mangapi.

Nasubiri majibu kabla dirisha halijafungwa.

Wenu katika kungoja dakika ya 180,
Mkata tiketi wa upande wa jua, Nyamirambo.

Nakala: RDB. Ikiwa mkono ule una ndugu yake mguu, tunauomba kwa mkopo.